Mtaa Uliojaa Methali

Nilipokuwa kijana nilikaa miaka mitatu barazani kwa fundi mmoja wa cherahani, nikishona vifungo na kupiga pasi, naye akinilipa kwa hadithi zaidi kuliko kwa fedha. Ukutani mwa duka lake ilining'inia kalenda kuukuu ambayo jamaa yake baharia alimletea kutoka safarini. Tarehe zake zilikwisha kupita zamani, lakini fundi hakutaka kuitoa kwa sababu ya picha iliyokuwa juu yake. Ilikuwa ni picha ya mtaa wa kijiji cha Ulaya ya kale: nyumba za matofali na mbao, kibanda, mnara, mto, na kwa mbali bahari yenye chombo kilichotweka tanga. Watu walikuwa wamejaa tele mtaani humo, kila mmoja ameshughulika na jambo lake. Lakini mambo yenyewe! Mmoja anapiga kichwa chake ukutani. Mwengine anawatupia nguruwe maua ya waridi. Mwanamke amechukua kaa la moto kwa mkono mmoja na ndoo ya maji kwa mkono wa pili. Mzee anatupa fedha mtoni.

"Mtaa huu umeingiwa na wazimu, mwanangu," fundi alizoea kunambia kila nilipoinua macho kuitazama. "Hapana hata mmoja humo afanyaye la maana."

Nami nilimwamini. Sikupata skuli ya juu, na lugha za kigeni nilizozijua baadaye nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi na kwa taa ya mafuta. Ilinichukua zaidi ya miaka 20 kutambua ya kwamba fundi na mimi tulikuwa tukitazama maandishi bila ya kujua kuwa ni maandishi. Makala haya ni ya kulipa deni hilo dogo, na ndani yake limo deni jengine lililo kubwa zaidi, ambalo nitalieleza mwishoni.

Mchoro ule ni wa Pieter Bruegel, mchoraji wa Nchi za Chini, yaani eneo ambalo leo ni Uholanzi na Ubelgiji. Aliutia saini na tarehe mwaka 1559. Ni mchoro wa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni, upana wake ni takriban sentimita 163 na kimo chake sentimita 117, ukubwa wa meza ya kulia chakula ya watu wanne. Tangu mwaka 1914 umo katika jumba la makumbusho ya michoro la Gemäldegalerie mjini Berlin, Ujerumani. Siku hizi hujulikana kwa jina la Methali za Kiholanzi. Zamani uliitwa Joho la Buluu, na pia Dunia Iliyopinduka, kwa sababu mbele ya nyumba ya kushoto limetundikwa tufe la dunia ambalo msalaba wake umeelekea chini.

Siri yake ni hii. Kila tendo la kipumbavu tulilokuwa tukilicheka dukani ni methali au msemo wa Kiholanzi, uliochukuliwa neno kwa neno na kugeuzwa umbo. Mchoraji hakuchora maana ya methali. Alichora maneno yake yenyewe. Wataalamu waliokaa kuzihesabu wamepata zaidi ya 100, na hesabu zao hazilingani, kwa kuwa baadhi ya watu mle wanafanya methali mbili kwa wakati mmoja.

Natuuzunguke mtaa huu pamoja, msomaji. Upande wa kushoto, chini, yuko mwanamume aliyevaa chuma mwilini na kisu amekibana kwa meno. Anamfunga paka kengele. Huyu hatuhitaji kujulishwa naye, maana swali la nani atamfunga paka kengele tumelisikia mara nyingi katika mikutano yetu wenyewe. Juu ya mnara amesimama mtu anayetundika joho lake kufuata upepo unakoelekea. Sisi husema bendera hufuata upepo. Upande wa kulia, mtu ameinama na kijiko mkononi, akihangaika kuuzoa uji wake uliomwagika. Sisi husema maji yakimwagika hayazoleki. Katikati, mbele kabisa, mtu mwenye sepetu anafukia kisima, na ndama wake amekwisha kufa ndani yake. Sisi husema majuto ni mjukuu. Mwengine alitaka viti viwili kwa pamoja, na sasa amekaa chini, baina ya viti hivyo, majivuni. Sisi husema mshika mbili moja humponyoka.

Wala watu wa bahari hawakusahauliwa. Yuko aliyemkamata mkunga kwa mkia, na mvuvi yeyote wa Pemba atakwambia mwisho wa kazi hiyo. Wako samaki wakubwa wanaowameza wadogo. Kiko kile chombo cha mbali, nacho kinakwenda kwa upepo wa tezi, maana Waholanzi walisema ni rahisi kusafiri ukisukumwa na upepo, kwa kumkejeli anayejisifu kwa mafanikio asiyoyatolea jasho. Na kwenye upeo wa macho, wadogo mno hata huwezi kuwaona usipokaribia, wako vipofu watatu wanaoongozana. Hao Bruegel hakuwasahau. Mwaka 1568, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliwarejea akawatengenezea mchoro wao peke yao, wakiwa wakubwa na sita kwa idadi, wakiporomokea shimoni mmoja baada ya mwenziwe.

Mfasiri anapoufikia mtaa huu hufurahi kwanza, kisha hutaabika. Furaha yake ni kuona kwamba watu wa ukungu na theluji walifika pale pale walipofika watu wa kusi na kaskazi. Taabu yake huanza pale njia zinapoachana. Yuko mtu mle anayemnyoa kondoo, na jirani yake ananyoa nguruwe: makelele mengi, sufu kidogo. Nitaifasiri vipi kwa watu wa kisiwa wasiofuga nguruwe wala kunyoa kondoo? Yuko yule anayewatupia nguruwe waridi. Injili ilisema lulu, watu wa Bruegel wakasema waridi, na vijana wetu siku hizi husema kumpigia mbuzi gitaa. Maana ni moja, lakini kila kauli imebeba uwanja wake: mmoja una zizi, mwengine una bustani, wa tatu una muziki wa dansi. Methali haikai hewani. Husimama juu ya ardhi ya watu fulani, na mwenye kuing'oa hana budi kuing'oa na udongo wake.

Sasa tuulize: kwa nini mtu akae na kuchora methali zaidi ya 100? Jawabu ni kwamba karne ile iliingiwa na shauku ya kuzikusanya. Erasmus wa Rotterdam, mwanachuoni mkubwa wa zama zake, alitoa mjini Paris mwaka 1500 mkusanyiko wa misemo ya Kilatini na Kiyunani yenye maelezo. Toleo la kwanza lilikuwa na misemo 800 na ziada. Hakuacha kuongeza, na alipofariki mwaka 1536 kitabu kilikuwa kimeivuka misemo 4,000. Wakati wa Erasmus, heshima ilikuwa ya Kilatini. Lugha ya sokoni haikuhesabiwa. Lakini mwaka 1550 katika mji wa Kampen kulichapishwa mkusanyiko wa methali za lugha ya kienyeji, na yapata mwaka 1558 Frans Hogenberg alichapa karatasi ya picha iliyoonyesha methali nyingi katika uwanja mmoja, nayo pia ikajulikana kwa joho la buluu. Bila shaka Bruegel aliiona, au aliijua habari yake. Mwaka huo huo wa 1558 yeye mwenyewe alichora vibao 12 vidogo vya mviringo, kila kimoja na methali yake, ambavyo leo vimo mjini Antwerp.

Lakini itazame tofauti, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Hogenberg aliandika kando ya kila mtu methali yake kwa herufi. Bruegel aliyaondoa maneno yote. Aliwapa watu wake mtaa wa kweli wenye vumbi, madirisha, paa na mto, akawaachia wafanye mambo yao kimya. Hakukosa nafasi ya kuandika, wala hakuona haja. Mtazamaji wa mwaka 1559 alikuja mbele ya mchoro akiwa na maneno kinywani. Naukisia mchezo wenyewe: wageni wamekwisha kula, wamesimama mbele ya ubao, huyu anatamka moja, yule anamdaka kwa nyengine, na mwenye nyumba anacheka kwa kuwa bado ziko kumi wasizoziona. Sisi tulio na ada ya vitendawili na mafumbo tunaujua mchezo huo. Mchoro ulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ndimi za watazamaji.

Na watazamaji hao walikuwa akina nani? Hawakuwa watu wa kijijini. Bruegel aliingia katika chama cha wachoraji cha Antwerp mwaka 1551, akasafiri Italia, akarudi na kufanya kazi kwa mchapaji Hieronymus Cock. Antwerp ilikuwa mojawapo ya bandari tajiri kabisa za Ulaya, na sehemu ya utajiri huo inatuhusu sisi wa pwani hii. Tangu mwanzoni mwa karne ile pilipili manga na viungo vya Bahari ya Hindi, vilivyochukuliwa na meli za Wareno, viliuzwa hapo, na mfalme wa Ureno aliweka hapo wakala wake hadi mwaka 1549. Meli hizo ndizo zilizopita kwetu. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Zanzibar ilitozwa kodi kwa nguvu mwaka 1503. Kilwa na Mombasa ziliporwa mwaka 1505 na jeshi la Francisco de Almeida. Sisemi kwamba Bruegel alijua habari za Kilwa. Nasema kwamba bepari wa Antwerp aliyekuwa na fedha za kununua mchoro, na nafasi ya kuucheka, alikaa katika mji ulionenepa kwa biashara iliyopita juu ya miji yetu. Kila ninapowatazama wale samaki wakubwa wanaowameza wadogo, nafsi yangu hunikumbusha hilo.

Kwa hiyo ni haki kuuliza pia kama kijiji hiki hakikuchorwa kwa dharau. Karel van Mander, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1604, anasimulia kwamba Bruegel na rafiki yake mfanyabiashara, Hans Franckert, walikuwa wakivaa nguo za wakulima na kwenda harusini vijijini, wakitoa zawadi kama wageni wengine na kujifanya kuwa ni jamaa wa bibi au bwana harusi. Hadithi hiyo huchekesha, lakini mimi hunitia wasiwasi. Mtu wa mji anajivika nguo za shamba ili aone, kisha anarudi mjini na alichokiona. Hata hivyo, ukitazama vyema mtaa wa methali utakuta si wakulima peke yao wanaosutwa. Yuko bwana mwenye joho la fahari anayeizungusha dunia juu ya kidole gumba, na karibu naye maskini anayejikunja ili apenye ndani ya tufe la dunia, kwa kuwa asiyeinama hapiti. Sisi husema mkono usioweza kuukata, ubusu. Yuko anayeikumbatia nguzo ya kanisa kwa unafiki, na yuko anayekwenda kuungama kwa shetani. Yuko anayeota moto wa nyumba ya jirani inayoungua, na mwenye nyumba hamshughulishi. Hizo si dhambi za wakulima tu.

Na mwaka wenyewe haukuwa wa kuchezewa. Tangu 1550 palikuwa na amri ya Kaisari Karl wa Tano iliyowahukumu kifo wale walioitwa wazushi wa dini. Mwanawe, Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, aliyerithi utawala wa nchi hizo mwaka 1555, aliondoka kwenda Hispania mwezi wa Agosti 1559 asirudi tena, akawaacha wakuu wake wazitekeleze amri. Mwaka 1566 makundi ya watu yalivunja sanamu makanisani. Mwaka 1567 Mtawala wa Alba aliingia na jeshi na mahakama iliyopeleka watu wengi kunyongwa na kukatwa vichwa. Vita vilivyofuata vilihesabiwa kuanzia 1568 na havikukoma hadi 1648.

Sitaki kumvika Bruegel kilemba cha ushujaa ambacho hakukivaa. Hapana hati inayotuonyesha alikuwa upande gani, na alikuwa na wanunuzi miongoni mwa wakubwa wa serikali. Lakini van Mander anaeleza pia kwamba alipokaribia kufa alimwambia mkewe azichome baadhi ya karatasi zake, kwa kuwa maneno aliyoyaandika juu yake yalikuwa makali mno, na aliogopa yasije yakamletea mkewe madhara. Mtu wa namna hiyo anajua thamani ya methali. Methali ni kauli isiyo na msemaji. Ukiulizwa ulikusudia nani, waweza kujibu kwamba si maneno yako, wahenga ndio waliosema. Katika nchi ambayo neno la wazi humgharimu mtu shingo yake, huo si mchezo wa baada ya chakula tu. Washairi wa pwani hii, waliofumba waliyotaka kuyasema ndani ya mnazi, chombo na bahari, hawahitaji ushahidi zaidi juu ya jambo hilo.

Nalirudia sasa lile joho la buluu lililoupa mchoro jina lake la kale. Katikati ya mtaa, mwanamke kijana aliyevaa gauni jekundu anamfunika mumewe joho la buluu lenye kofia, na mume, ambaye ni mzee na mwenye mkongojo, ametulia anafunikwa. Maana yake ni kwamba mke anamdanganya, na mume haoni. Buluu kwa watu wale ilikuwa ni rangi ya hila. Upande wa kushoto, mwanamke mwengine anamfunga shetani juu ya mto wa kulalia, na hiyo ilikuwa kejeli kwa mke mkali. Nguo imekuwa neno, na neno limemwangukia mwanamke.

Sisi nasi tuna nguo inayosema, nayo ni kanga. Ndani yake methali hukaa mahali pake maalumu, chini ya mji wa kanga, kwa herufi, na huitwa jina. Mwanamke huichagua dukani kwa jina lake kabla ya rangi, akaivaa akapita nayo mbele ya anayemkusudia, asifungue kinywa. Hapa naona tofauti iliyo kubwa kuliko bahari iliyo baina yetu. Katika mtaa wa Bruegel mwanamke amefanywa kuwa methali na mtu mwengine. Katika mitaa yetu, pamoja na dhiki zote zinazomkabili, mwanamke huivaa methali kwa kuichagua mwenyewe, na mwenzake hujibu kwa kanga yake. Lau Bruegel angeingia harusini kwetu kwa kujibadilisha nguo, angekuta nguo zenyewe zinamsuta.

Naandika haya katika siku ambazo mitaa yetu nayo inachorwa kwa wingi. Pita katika Mji Mkongwe utaziona zimepangwa ukutani: uchochoro, mlango wa kuchongwa, mwanamke wa buibui aliyetupa mgongo, pengine na paka. Siwalaumu wachoraji, wanatafuta riziki, na mikono yao mingine ni mizuri. Lakini kuna jambo linalonisikitisha katika picha hizo. Mtaa umenyamaza. Mwanamke yule anakwenda wapi, amekasirika na nani, kanga aliyoivaa ndani ya buibui inasema nini, mchoraji hakuuliza na mnunuzi hataki kujua. Ni mtaa uliosafishwa maneno ili usimshughulishe mgeni. Mtaa wa Bruegel nao hauna herufi hata moja, lakini kimya chake ni cha watu wanaojuana, na hiki ni kimya cha watu wasiojuana.

Hata hivyo, kimya cha kwanza nacho huweza kugeuka kuwa cha pili, na hiyo ndiyo khofu iliyonipa kalamu. Bruegel alifariki mjini Brussels mwaka 1569, wanawe wawili, Pieter na Jan, wakiwa wadogo. Mama wa mkewe, Mayken Verhulst, alikuwa mchoraji, na van Mander anaeleza kuwa Jan alipata mafunzo kwa bibi yake huyo. Pieter mwana alipokua alifungua karakana na kuunakili mtaa wa methali zaidi ya mara kumi, na nakala hizo hazilingani kila kitu. Methali hii imo hapa, ile haimo kule. Kwa miaka mingi watu waliendelea kununua. Kisha lugha ikasonga mbele. Baadhi ya misemo ikafa, mengine ikabadilika, na leo Mholanzi wa kawaida akisimama mbele ya mchoro huu huhitaji karatasi yenye nambari na maelezo, sawasawa na mimi. Wataalamu waliurudisha uhai wa nyingi katika methali hizo kwa kusoma vitabu vya kale na karatasi ya Hogenberg, yule aliyejisumbua kuandika. Bado kuna matendo machache mle ambayo wanabishana juu yake. Rangi zimehifadhiwa kwa zaidi ya miaka 460. Kilichokosa kabati la kuhifadhiwa ni yale maneno yaliyokuwa vinywani mwa watazamaji.

Ndipo nilikumbuka daftari langu. Nilipokuwa na umri wa miaka 18 niliandika methali za bibi yangu mzaa mama, aliyezisema jikoni, kisimani na matangani. Niliandika 186. Nilijiona nimefanya kazi ya maana, kwa kuwa nilikwisha sikia ya kwamba mmisionari W. E. Taylor alizikusanya methali zetu Mombasa na kuzichapisha London mwaka 1891, na niliona aibu mgeni atutangulie katika mali yetu. Lakini nilikuwa na haraka ya ujana. Niliandika methali tupu, moja chini ya nyengine. Sikuandika bibi alimwambia nani, kwa kosa gani, wala yule aliyeambiwa alijibu nini. Bibi alipofariki nikalifunga daftari, na nilipolifungua nikiwa mtu mzima nilikuta 31 kati yake sizielewi. Maneno nayaona, kama fundi alivyoyaona matendo ya mtaa ule, na maana imeniponyoka. Bruegel alichora maneno bila kuandika maana, akiamini watu wapo. Mimi nami niliandika maneno bila maana, nikiamini bibi yupo.

Moja katika hizo 31 ni hii: mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Kamusi ilinisaidia nusu ya njia. Mchama ni mhamaji. Kuuya ni kurudi. Anayehama ago asilichafue, huenda akarejea. Nilidhani nimemaliza. Ndipo mvuvi mmoja mzee aliponicheka, akaniuliza kama nimewahi kulala dagoni. Akanieleza jinsi wavuvi wanavyofuata samaki kwa msimu, wakapiga kambi ufukweni mbali na kwao kwa wiki kadhaa, wakaondoka. Pepo zikigeuka hurudi pale pale, au hufika wengine kabla yao. Kisima ni kimoja na kivuli ni kimoja. Anayechafua dago siku ya kuondoka amewachafulia wenziwe, na amejichafulia mwenyewe wa mwakani. Nilipomsikiliza nilikumbuka kwa ghafla siku ambayo bibi alisema methali hiyo. Alimwambia shangazi yangu aliyeachika, aliyekuwa akifunga mizigo yake na kumtukana mavyaa wake barazani mbele za watu. Shangazi alinyamaza, akafagia chumba, akaaga. Miaka miwili baadaye alirejewa na mumewe, akarudi katika nyumba ile ile.

Methali hiyo ina neno ambalo wahariri wengi wangelifunika, na katika mtaa wa Bruegel pia wamo wanaofanya hadharani yale yafanywayo chooni. Watu wa zamani, wa kule na wa huku, hawakuona aibu ya kusema jambo kwa jina lake pale hekima ilipohitaji.

Kwa hivyo nina ombi moja kwa wasomaji wa kurasa hizi. Wengi wenu mnaandika methali za wazee. Wengine mnatuletea humu, nasi tunazipokea kwa shukrani. Mnapoandika, andikeni na pahala pake: nani alisema, kumwambia nani, kulikuwa na nini. Mistari miwili inatosha. Kazi hiyo haihitaji shahada, nami ni shahidi wa hilo.

Fundi wa cherahani amekwisha kutangulia mbele ya haki, na kalenda yake ninayo mimi. Katika daftari la bibi nimepata maana za methali nne, zimebaki 27. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri hulichukua nikaenda nalo bandarini, nikakaa na wazee, nikawasomea moja moja.